Vikaragosi vya likizo: wadogo walilia, gundi haikukauka, ila asiyeongea akaongea

"Habari za kazi mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa chekechea hapa Morogoro, na likizo huwa nakusanya watoto wa mtaani nyumbani kwangu, miaka 3 mpaka 11, wanafika thelathini hivi. Likizo fupi ya Pasaka nikaona niwafanyie siku ya vikaragosi, asubuhi shoo ya Sungura na Fisi halafu kila mtoto atengeneze chake. Shoo ilianza vizuri ila Fisi alipotokea ghafla nyuma ya kanga akanguruma kwenye maiki, wadogo watatu wakaangua kilio na mmoja hakurudi tena. Kwenye kutengeneza gundi ikagoma kukauka, macho yakawa yanadondoka, muda ukaisha hawajacheza, na wale wakubwa vikaragosi vyao vikawa vinapigana tu mpaka nikafoka. Mama mmoja akasema hizo sanamu zinawaingizia watoto mapepo. Ila kuna kitu hakinitoki kichwani: darasani kwangu kuna mtoto wa miaka 5, tangu aanze shule Januari hajatamka neno hata moja, na siku ile alikaa pembeni na kikaragosi changu cha soksi akawa anakisemesha. Juni nataka kurudia. Ninunue vikaragosi vizuri vya dukani? Wadogo nifanyeje wasiogope? Na huyo mtoto, nitumie kikaragosi kumuuliza kwa nini haongei?"

Mwalimu, salama kabisa, na ahsante kwa kuandika kwa urefu hivi, maana yale mambo madogo uliyoyataja, ile maiki, ile gundi, ule mngurumo, ndo yamenionyesha nini kilitokea. Nakusoma naona unaihesabu ile siku kuwa iliharibika na unadhani tatizo ni ubora wa vikaragosi. Mimi sioni hivyo. Mtoto wako aliyekaa miezi bila neno alipata kitu cha kusema naye siku ile ile unayoiita mbovu, na alikipata kwenye soksi. Kwa hiyo tusitupe kitu, turekebishe tu mpangilio.

Hilo la dukani tulimalize mapema: usinunue. Vile vya dukani vingi ni vizito na vimekatwa kwa kiganja cha mtu mzima, mtoto akikivaa vidole havifiki mdomoni, kinalegea tu kinakuwa kama mdoli aliyelala. Halafu ukiwa na kimoja kizuri katikati ya watoto thelathini umeshaanzisha ugomvi kabla shoo haijaanza. Hela uliyoitenga nunua soksi, za bei ya chini zinatosha, na uzi wa kufumia, halafu pita kwa fundi cherehani yeyote hapo mtaani umuombe mabaki ya vitenge na vitambaa, mafundi wengi wanakupa bure maana kwao ni takataka.

Watu wengi wanaamini kikaragosi kinakuwa hai kwa sababu ya sura nzuri, ndo maana tunamaliza nguvu zote kwenye kupamba. Ukweli kinachokipa uhai ni macho yake yanaangalia wapi, kinapumua au hakipumui, na uzito wake uko wapi. Jaribu leo usiku na soksi tupu, hata macho usiweke. Ivae mkononi, usiseme chochote, igeuze taratibu imwangalie mtu mmoja aliyekaa chumbani, ikae hapo ikimwangalia, halafu nyanyua kifundo cha mkono kidogo sana kama inavuta pumzi, ishushe, kisha iangalie mkono wako wa pili kana kwamba ndo inauona mara ya kwanza. Utaona aliye mbele yako anaanza kutabasamu na anaiangalia soksi, hakuangalii wewe. Kichwa cha binadamu, cha mtoto hasa, kimeumbwa kufuata macho ya mwenzake, kitu kikionekana kinaangalia sehemu fulani kwa makusudi basi akili inasema hapa kuna mtu anawaza. Kikaragosi kizuri cha laki moja kinachoangalia dari hakina uhai huo.

Na hapo utaona pia huna haja ya kujificha. Kule Japani kwenye bunraku, ile michezo yao ya jadi ya vikaragosi, kikaragosi kimoja kinaendeshwa na watu watatu wakiwa mbele ya macho ya watazamaji kabisa, na mkuu wao mara nyingi uso wake uko wazi, na watu bado wanalia machozi kwa ajili ya kikaragosi. Sharti ni moja tu, wewe mwenyewe ukiangalie kikaragosi chako. Ukiwaangalia watoto, watakuangalia wewe.

Kwenye mdomo kuna kosa karibu kila anayeanza analifanya, anarusha vidole vya juu kwenda juu kila neno, kwa hiyo kichwa cha kikaragosi kinaruka ruka na macho yanaenda dari. Vidole vya juu vitulie, dole gumba ndo lishuke, yaani ni taya la chini linalofanya kazi kama sisi wenyewe tunavyoongea. Na usifungue mdomo kwa kila silabi, maneno yetu ya Kiswahili ni marefu, ukisema "nitawatembelea" ukafungua mara saba kinaonekana kinatafuna miwa. Sisi mkazo wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, basi fungua pakubwa hapo na kwingine gusa gusa tu, "kariBUni nyuMBAni". Fanya mbele ya kioo kwa jioni chache, mkono utazoea.

Sasa wale wadogo waliolia. Mtoto wa miaka 3 sio muoga na hajadekezwa, ni kwamba bado hajamaliza kutenganisha kinachoonekana na kilicho kweli. Ukimuuliza atakuambia Fisi ni soksi, anajua, lakini Fisi akitokea ghafla, ana mdomo mkubwa, anakuja upande wake na sauti imejaa chumba kizima kwa maiki, mwili wake unajibu kabla hajakumbuka anachokijua. Ghafla, karibu, kubwa, kelele. Wewe uliviweka vyote vinne kwenye sekunde moja. Nakuambia hivi sio kukulaumu, nakuambia kwa sababu ukiondoa hata viwili tu kilio hakitakuwepo.

Maiki weka kando kabisa, watoto thelathini kwenye uwanja wa nyumbani hawahitaji spika, na sauti ya kawaida inawafanya wanyamaze wasikilize. Kabla ya shoo mlaze Fisi mezani bila mkono ndani, waje wamwone, waguse meno yake ya kitambaa, halafu mbele yao hao hao ingiza mkono polepole, aamke, apige miayo. Akishaamka mfanye yeye ndo awaogope. Kikaragosi chenye aibu kinachojificha nyuma ya mkono wako na kuchungulia kinawabadilisha watoto wote wanakuwa wakubwa kwake, utasikia "usiogope, njoo", na aliyekuwa analia yeye ndo anabembeleza. Na kanuni ambayo usiivunje: kikaragosi hakimfuati mtoto, mtoto ndo anakifuata. Kikae mbali naye hatua mbili tatu mpaka asogee mwenyewe, na asiposogea siku hiyo ni sawa. Ile tabia yetu ya kumshika mtoto mkono na kumsogeza, "ona, haumi, mshike", tuiache, tunamfundisha kwamba hofu yake haisikilizwi.

Jingine, tumezoea kuwaweka wadogo mstari wa mbele ili waone. Kwenye vikaragosi wakae pembeni karibu na njia, karibu na dada au mama, wawe na pa kukimbilia. Bora zaidi wenye chini ya miaka 4 uwape shoo yao fupi, dakika kumi na tano, nyimbo na salamu tu, bila Fisi. Yule ambaye hakurudi, mpelekee Fisi kwao ukiwa umemkunja kwenye mfuko, mtoe mbele ya mama yake, mwache mtoto amvae yeye. Hofu za hivi huwa zinaisha zenyewe kwa siku chache, ila kama mtoto wiki kadhaa baadaye bado hasinzii, anakojoa kitandani wakati alishaacha, au hataki kubaki peke yake hata mchana, mama ampeleke kituo cha afya aongee na daktari, inawezekana kuna kingine na Fisi alikuwa kisingizio tu.

Yule mama wa mapepo usimcheke na usibishane naye kwa aya. Anachokiona yeye ni kitu kisicho na uhai kinachoongea na mtoto wake, na hofu hiyo ni ya mzazi anayejali. Mwite aje wakati wa kutengeneza, akae na sindano amsaidie mtoto wake kushona jicho, akishaona kizibo cha soda, soksi na uzi vinavyokutana hofu inapungua kuliko maneno yoyote utakayosema. Wapo pia wazazi, hasa wa Kiislamu lakini sio wao tu, ambao hawapendi sanamu za viumbe kwa sababu ya imani, na hilo liheshimu kwa vitendo, watoto wao watengeneze sufuria inayoongea, wingu lenye hasira, daladala iliyochoka. Nimeona mwiko na kikombe vikichezwa na watoto na mchezo ukawa mtamu kuliko wa wanyama. Ila kwa anayedhani kitu chenyewe ni cha kigeni au cha dini fulani, Waislamu wa Java kule Indonesia wamekuwa wakicheza vikaragosi vya kivuli vya wayang kwa karne nyingi, UNESCO ikautangaza kuwa urithi mwaka 2003, na hapa hapa Afrika vijana wa vijijini Mali wanatoka na vikaragosi vikubwa vya wanyama kwenye sherehe zao.

Tuje kwenye gundi, hapa ndo ulipoteza siku. Gundi nyeupe ya maji kwenye kitambaa inahitaji masaa, kukaza vizuri ni mpaka kesho yake. Uji wa unga wa ngano ndo usiseme, vichwa vya magazeti na uji vinataka siku mbili tatu juani kabla hata hujapaka rangi, ni kazi nzuri sana lakini ya wiki nzima, sio ya asubuhi moja. Gundi ya moto ile ya kuchomeka kwenye umeme inashika haraka, tatizo inafika karibu nyuzi 190, tone moja kwenye kidole cha mtoto ni lengelenge, kwa hiyo ikitumika iwe mkononi mwako, kwenye meza yako, watoto wakiwa mbali. Ile gundi kali ya kwenye vichupa vidogo isiingie kabisa siku hiyo, inagandisha vidole na mtoto akijisugua jicho ni hospitali.

Suluhisho ni kufanya siku bila gundi. Usiku kabla, wewe na dada mmoja mnakata midomo ya boksi, duara linalokunjika katikati, mnaibandika ndani ya soksi zote na kuziacha zikauke. Asubuhi watoto wanakuta soksi yenye mdomo tayari, kazi yao ni macho, nywele, masikio na nguo, na hivyo vyote vinafungwa, vinashonwa au vinashikwa kwa selotepu. Macho usiwabandikie wewe, tafadhali. Mtoto anapohangaika jicho liwe wapi, akaliweka juu mno, akalitoa, akalishusha karibu na mdomo, ndo wakati ule anaamua huyu ni nani. Wape vizibo vya soda vilivyotobolewa na msumari kabla, kingo umezikunja zisikate, na kalamu ya wino mzito wachore doti nyeusi. Waambie doti isikae katikati kabisa, isogee kidogo upande wa pua, macho yote mawili yakielekeana kidogo kikaragosi kinakuwa na mtazamo, yakitazama nje kinakuwa kama kuku, hakiangalii kitu.

Kwa wa miaka 5 na 6 ambao sindano bado ni shida, mifuko ya kaki ya dukani inatosha sana, ile mikunjo ya chini ndo mdomo, wanachora na kalamu za rangi na kumaliza ndani ya robo saa. Wenye miaka 3 na 4 wasitengeneze, wape vidole, doti mbili za kalamu kwenye kidole na kitambaa kidogo cha kufunga kichwani, wamefurahi. Vifungo, shanga na maharage viwe mbali nao kabisa, kitu chochote kinachopita kwenye lile gamba la katikati la tishu ya chooni kinaweza kumkaba mtoto mdogo. Vijiti vya mishkaki kata ncha. Na mtu akikuletea vitaa vidogo vya kuwaka waka kwa ajili ya macho, kataa, vile vibetri bapa mtoto akikimeza kimoja kinaweza kuanza kuchoma njia ya chakula ndani ya masaa mawili hata kama haonyeshi dalili, hapo haisubiriwi kesho wala haipewi maziwa ya nyumbani, ni hospitali muda huo huo.

Muda wa kucheza uwe mrefu kuliko wa kutengeneza. Hilo ndo ningependa ulibandike ukutani. Kama una masaa mawili, dakika 35 kutengeneza zinatosha, na kikaragosi kikiwa hakijaisha kinacheza hivyo hivyo na sikio moja. Watoto hawana shida na hilo, sisi watu wazima ndo tunataka kitu cha kupiga picha na kupeleka nyumbani. Kikaragosi ambacho hakijachezwa kinaenda nyumbani kinawekwa juu ya kabati, ndo mwisho wake. Kilichochezwa mtoto anajua kinaongeaje, kinapenda nini, kinamuogopa nani, kesho yake anaendelea nacho.

Vile vya wakubwa vilivyokuwa vinapigana, tena naomba usiwaone wakorofi. Mpe mtoto yeyote duniani kikaragosi cha mkononi, mweke mbele ya mwenzake mwenye kingine, usiwape kazi, ndani ya dakika moja vinapigana, kwa sababu mkono ukiwa ndani ya soksi kitendo rahisi kuliko vyote ni kugonga. Hawana hadithi, basi ngumi inakuwa hadithi. Dawa yake ni kuupa mkono kazi nyingine. Anza na wote pamoja, kikaragosi kimelala, kinaamka, kinanusa harufu ya chai, kinatafuta inatokea wapi, kinamwona mwenzake, kinasita, kinasalimia. Halafu wawe wawili wawili, kimoja kina ndoo nzito na cha pili kina haraka. Au kimoja kina siri na cha pili kina njaa. Kila kikaragosi kitake kitu na kuwe na kinachozuia, hiyo inatosha, msiwaandikie maneno ya kukariri maana mtoto akishaanza kukumbuka mistari anaacha kukiangalia kikaragosi chake, anaangalia dari anatafuta sentensi. Sungura na Fisi wanawajua tangu wamezaliwa, wewe anza tu "Paukwa!" wataitikia "Pakawa!" na hadithi itajisimulia, kila kundi na mwisho wake.

Wale wa miaka 9 mpaka 11 wakichoka soksi wape kivuli mchana ule. Shuka jeupe, chumba kimefungwa mapazia, tochi moja ya simu, maumbo ya boksi kwenye vijiti. Tumia taa yenye nukta moja ya mwanga, zile zenye vitaa vingi zinatoa vivuli vitatu vitatu. Umbo likigusa shuka ni dogo na kali, likirudi kwenye taa linakuwa kubwa na la ukungu, waache wagundue wenyewe, watakaa hapo nusu saa hawapigani. Mshumaa hapana, kitambaa na moto na watoto havikai chumba kimoja.

Kitu kingine ambacho hukuuliza ila nakisema kwa sababu kinaua shoo nyingi huku kwetu, kuhubiri. Vikaragosi vingi Afrika Mashariki vilikuja mbele ya watu kupitia kampeni za afya, kule Kenya miaka ya 1990 vikundi vya CHAPS, yaani wachezesha vikaragosi vya afya ya jamii, vilikuwa vinazunguka sokoni na vijijini kuongelea ukimwi, na vilifanya kazi kubwa sana kwa sababu kikaragosi kilithubutu kusema yale ambayo mtu mzima angeona aibu kuyasema hadharani. Sisi tulichokichukua ni kile cha mwisho tu, kwamba kikaragosi lazima kimalizie na funzo, nawa mikono, usiseme uongo, heshimu wakubwa. Mwangalie Kami, yule kikaragosi wa Takalani Sesame, kipindi cha watoto cha televisheni cha Afrika Kusini, aliyeanza mwaka 2002, msichana wa miaka 5 mwenye virusi vya ukimwi na aliyefiwa na mama yake, wenzake wanacheza naye, anafurahi, anamkumbuka mama, mtoto anayetazama anajua bila kuhutubiwa kwamba huyu anashikika na anachezeka naye. Kama Sungura wako ni mwongo, mwache awe mwongo, watoto wenyewe watampigia kelele.

Sasa yule mtoto wako wa miaka 5, na hapa naomba usome taratibu.

Kwa nini aliongea na soksi na wewe hujawahi kumsikia? Mtoto mwenye hofu ya kuongea, kinachomzidi nguvu ni kutazamwa, macho yote yanamsubiri yeye, na akikosea amekosea yeye. Kikaragosi kinachukua yale macho. Watu wanakiangalia chenyewe, sauti inatoka kwake, kosa ni la kwake, na soksi haimwambii "haya sema kwa nguvu wenzako wasikie". Kwa muda ule mfupi kuongea hakukuwa mtihani. Kwa hiyo kikaragosi kimempunguzia mzigo, hakijamtibu, na kukuonyesha kwamba sauti ipo na anaweza kuitoa tayari ni habari kubwa sana kwako.

Ukikitumia kumuuliza kwa nini haongei, unaurudisha mzigo ule ule kupitia soksi. Yeye mwenyewe hajui kwa nini, watoto wa umri huo hawana jibu la swali hilo, na atagundua kwamba hata soksi inamchunguza, mlango utafungwa. Usimuulize. Wala usimpigie makofi akitamka neno, usiseme "jamani leo kaongea!", na wenzake wakipiga kelele hiyo wewe endelea na mchezo kama vile ni jambo la kila siku.

Fanya hivi. Mpe soksi ile ile awe nayo darasani, begani au mfukoni, iwe yake. Wewe kaa pembeni yake, sio mbele yake, na soksi yako, iongelee kinachotokea bila kuuliza: "mimi naona huyu ana njaa… mkate uko wapi huu." Nyamaza. Hesabu moyoni mpaka tano au zaidi, ukimya unatisha sana mwalimu lakini ndo nafasi yake ya kuingia. Asipoingia, soksi yako inaendelea kutafuta mkate. Akinong'ona, soksi yako isikie na ijibu kwa sauti ndogo kama yake. Akianza kuchezesha bila sauti, kutikisa kichwa, kuleta vitu, hiyo ni mazungumzo, ipokee. Siku nyingine aje mtoto mmoja anayempenda, watatu mcheze, baadaye wa nne. Kwa wiki na miezi, sio siku ya likizo mbele ya watoto thelathini. Na shoo ya Juni usimpange kwenye sehemu ya kusema, mpe taa ya kivuli ashike, au pazia avute.

Sambamba na hayo anahitaji watu wengine zaidi yako. Kwanza muulize mama, kwa upole na faragha, nyumbani anaongeaje. Kama nyumbani anaongea kidogo, maneno hayaeleweki, anaita kwa kuvuta watu mkono, au hageuki ukimwita kwa nyuma, apimwe masikio kabla ya kitu chochote, hospitali ya rufaa ya mkoa wataanza na daktari wa masikio, pua na koo, au watawaelekeza pa kwenda. Kama nyumbani wanaongea lugha nyingine, Kiluguru au Kimasai au yoyote, na Kiswahili alikikuta shuleni, inawezekana bado anakusanya, mpe muda ila mfuatilie. Lakini kama nyumbani anaongea Kiswahili kama chiriku na shuleni hana neno, na imepita zaidi ya mwezi toka azoee shule, hiyo ni hali inayojulikana ya wasiwasi, sio ukaidi wala jeuri, wala hajarogwa, na ikiachwa inakomaa. Kuanzia Januari mpaka sasa ni muda mrefu, mtaalamu wa saikolojia ya watoto au wa tiba ya usemi amwone mwaka huu huu, asisubiriwe "atakua ataacha". Kama aliwahi kuongea na watu wote halafu sauti ikakatika ghafla baada ya tukio fulani, hapo haraka zaidi.

Na kuna jambo kila anayeshika kikaragosi mbele ya watoto lazima awe amelifikiria kabla. Ipo siku mtoto, huyu au mwingine, atasema kupitia soksi kitu kizito, kwamba kuna mtu anampiga, anamshika pabaya. Kikaragosi kupigana au kula mwenzake peke yake sio ushahidi wa chochote, watoto wanacheza hivyo kila siku. Lakini akisema kwa maneno, au mchezo mmoja unajirudia rudia na sura yake inabadilika, sikiliza mpaka amalize, usimuulize maswali ya kumwelekeza kama "ni mjomba eti?", usimwahidi kwamba utaitunza siri, mwambie amefanya vizuri kusema. Ukitoka hapo andika maneno yake vile vile alivyoyasema, usiyanyooshe, halafu mtafute afisa ustawi wa jamii wa kata au wilaya, au dawati la jinsia na watoto la polisi, au piga 116, ni bure. Usiende kumkabili mtu nyumbani kwao na usimrudishe mtoto kwenye mchezo ule ili "upate uhakika", uchunguzi una watu wake, na maswali ya soksi yanaweza kuharibu maelezo yake baadaye.

Kwa Juni basi, ningekuwa wewe ningegawa siku mbili, wadogo siku yao na wakubwa yao, kumi na tano kumi na tano, na watu wazima wasiopungua watatu, mmoja wao awe yule mama wa mapepo akikubali. Soksi zenye midomo ziandaliwe usiku. Na mama wa mtoto wako umtafute kabla ya Juni, wiki hii ikiwezekana, maana foleni za kliniki unazijua, na ukienda usianze na "mtoto wako haongei", anza na kwamba ulimsikia anaongea na soksi na unataka kujua nyumbani huwa anapenda kucheza nini.